Mishipa ya Fahamu ya Uso na Meno: Jinsi Watu Walivyopata Kuijua

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe darasani baada ya kusikilizwa. Mwenye kujua kusoma vizuri amsaidie mwenzake.)

Natumaini kuwa mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kilicho karibu nawe kuliko shati ulilovaa, kwa maana kimo ndani ya uso wako mwenyewe. Nataka kukueleza jinsi watu walivyopata kuijua mishipa inayoleta maumivu ya jino, na ile inayotuwezesha kucheka na kufumba macho. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 2,000. Na katika miaka hiyo watu wengi walikatwa mahali pasipopaswa kukatwa.

Lakini kwanza nitaanza na habari yangu mimi mwenyewe.

JINO LISILOKUWA NA KOSA

Mwaka mmoja nilikuwa katika safari ya kukagua madarasa ya kisomo vijijini. Usiku wa pili jino likaanza kuniuma, gego la juu, upande wa kulia. Aliyepata kuumwa jino usiku, mbali na mji, anajua ninalosema; asiyepata hawezi kujua, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kulipopambazuka nilikwenda hospitali. Nikamkuta daktari wa meno, mzee mwenye mvi. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Tafadhali ning'olee hili la juu, upesi."

Akaitikia, "Marahaba," lakini hakushika koleo. Alichukua kijiti cha chuma, akaanza kugonga meno yangu moja moja. Alipoligonga lile la juu, sikusikia maumivu. Alipogonga gego la chini, nusura niruke kutoka kitini. Mzee akacheka, akasema:

"Bwana Elimu, kama ningefuata amri yako, ungerudi nyumbani na pengo, na maumivu yako ungekwenda nayo vilevile. Jino la juu halina kosa. Mshipa ndio uliokudanganya."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Mshipa unawezaje kumdanganya mtu mzima mwenye akili zake? Nikaenda kutafuta vitabu, na niliyoyakuta humo ndiyo ninayokuletea leo.

MSHIPA WA FAHAMU NI NINI?

Mwilini mna mishipa ya namna mbalimbali. Iko mishipa ya damu, ambayo kazi yake ni kupitisha damu. Iko pia mishipa ya fahamu, ambayo vitabu vya siku hizi huiita neva. Hii haipitishi damu. Ni kama nyuzi nyeupe, nyingine nene na nyingine nyembamba sana, zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili, mfano wa waya wa simu.

Kazi za mishipa hiyo ni mbili. Kazi ya kwanza ni kupeleka habari kwenye ubongo: hapa pameguswa, hapa pana baridi, hapa panauma. Kazi ya pili ni kuleta amri kutoka kwenye ubongo mpaka kwenye misuli: fumba jicho, fungua kinywa, inua mkono. Habari huenda, na amri huja. Shika sana jambo hili, kwa maana somo letu lote limesimama juu yake.

JARIBU MWENYEWE

Sasa weka karatasi hii chini kidogo, ufanye kama ninavyokuambia.

Pitisha ncha ya kidole juu ya paji la uso wako, kisha shavuni, kisha kidevuni. Umesikia kuguswa mara tatu. Habari hizo tatu zimepelekwa na mshipa mmoja wenye matawi matatu. Tawi la kwanza hutumikia paji la uso na jicho. Tawi la pili hutumikia shavu, mdomo wa juu na meno ya juu. Tawi la tatu hutumikia kidevu, mdomo wa chini na meno ya chini.

Haya, sasa tabasamu. Kunja uso kama mtu aliyekasirika. Fumba macho kwa nguvu. Kazi hizo zimefanywa kwa amri ya mshipa mwingine kabisa. Mshipa huo hutoka katika tundu dogo la mfupa chini ya sikio, ukagawanyika usoni kama vidole vya mkono uliokunjuliwa.

Mwisho, weka vidole juu ya mashavu karibu na masikio, halafu uyabane meno. Utasikia misuli ikituna. Hiyo ni misuli ya kutafuna. Wewe labda utadhani ya kuwa misuli hii nayo huamriwa na mshipa wa kutabasamu. Sivyo. Huamriwa na ule mshipa wa kwanza, kwa tawi lake la tatu.

Mishipa mikubwa ya fahamu ya kichwani ni jozi kumi na mbili, na wataalamu wameihesabu kwa namba kutoka mbele kwenda nyuma. Ule wa kusikia kuguswa na maumivu ni mshipa wa tano. Ule wa kutabasamu ni mshipa wa saba. Andika katika daftari lako hesabu hizi mbili, tano na saba. Wa tano husikia na kutafuna. Wa saba huchezesha uso.

Mambo haya wewe umeyapata kwa dakika tano. Sasa sikiliza jinsi wenzetu wa zamani walivyoyahangaikia.

WATU WA KALE

Yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, katika mji wa Iskandaria, huko Misri, palikuwa na mganga Mgiriki, jina lake Herophilus. Yeye na mwenzake Erasistratus walipasua maiti za watu ili kuona jinsi mwili ulivyo ndani. Kabla yao watu walichanganya mishipa ya fahamu na kano zinazounga misuli na mifupa. Waliona nyuzi nyeupe tu, wakadhani yote ni mamoja. Mabwana hawa wawili ndio waliofundisha ya kuwa iko mishipa ya kusikia na iko mishipa ya kuendesha mwili.

Baada yao kazi ya kupasua maiti za watu iliachwa kwa karne nyingi. Mganga mkubwa aliyefuata alikuwa Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, katika nchi inayoitwa Uturuki siku hizi. Galen aliwatibu watu waliopiganishwa kwa silaha viwanjani mbele ya watazamaji, akaona majeraha mengi. Lakini maiti ya mtu hakupata kuipasua kwa mafunzo. Alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe. Akahesabu mishipa ya kichwani, akasema ni jozi saba.

Kwa nini saba, na si kumi na mbili? Sababu moja ni hii. Mshipa wa kuchezesha uso na mshipa wa kusikia sauti huingia pamoja katika tundu moja la mfupa wa fuvu. Galen alipoiona ikiingia mlango mmoja, aliihesabu kuwa kitu kimoja. Ni kama mtu aliyeona watu wawili wakiingia nyumba moja, akaandika daftarini kuwa ni mtu mmoja. Hesabu hiyo ya Galen ilifuatwa kwa zaidi ya miaka 1,400.

Vitabu vya Galen vilifasiriwa kwa Kiarabu katika mji wa Baghdad, na waganga wa huko waliongeza maarifa yao wenyewe. Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, na Ibn Sina, aliyeishi kati ya 980 na 1037, waliandika habari za ugonjwa wa uso kwenda upande, ambao kwa Kiarabu huitwa lakwa. Tutaurudia ugonjwa huo baadaye.

KUHESABU UPYA

Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu katika chuo cha Padua, huko Italia, alitoa kitabu kikubwa chenye picha za mwili wa binadamu. Yeye alipasua maiti za watu kwa mikono yake mwenyewe, akamsahihisha Galen katika mambo mengi. Kwa mfano, Galen aliandika ya kuwa taya la chini ni mifupa miwili. Vesalius akaonyesha kuwa kwa mtu mzima ni mfupa mmoja. Lakini hata Vesalius, pamoja na ushujaa wake wote, alipofika kwenye mishipa ya kichwani aliiacha jozi saba kama alivyozikuta. Hapa tunajifunza ya kuwa si kazi rahisi kuona kwa macho yako kitu ambacho mwalimu wako alikwambia hakipo.

Mwaka 1561 mtu wa Padua vilevile, Gabriele Falloppio, alieleza mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio, ambamo mshipa wa uso hupita kabla haujatokea nje. Mwaka 1664 Mwingereza Thomas Willis alitoa kitabu cha ubongo na mishipa yake. Baadhi ya picha za kitabu hicho zilichorwa na Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Willis aliongeza hesabu, lakini mshipa wa uso na mshipa wa sauti aliendelea kuviweka pamoja, akavipa majina ya sehemu ngumu na sehemu laini.

Mwaka 1732 Jacobus Winslow, aliyefundisha mjini Paris, aliupa mshipa wa tano jina lenye maana ya mapacha watatu, kwa sababu ya matawi yake matatu. Jina hilo wataalamu hulitumia mpaka leo. Hatimaye, mwaka 1778, kijana wa Kijerumani, Samuel Thomas Sömmerring, aliitenga ile mishipa miwili iliyokuwa imechanganywa tangu Galen, akafikisha hesabu ya jozi kumi na mbili. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Sasa watu waliijua idadi ya mishipa. Lakini walikuwa bado hawajui kazi ya kila mmoja.

MDUDU WA JINO

Wakati wataalamu wanahesabu mishipa, watu wa kawaida waliendelea kuumwa meno. Je, walidhani maumivu yanatoka wapi? Katika mataifa mengi walisema ya kuwa ndani ya jino mna mdudu anayelitafuna. Neno hili limeandikwa katika vigae vya udongo vya Babeli, na hata Ibn Sina, mtu mwenye elimu nyingi, aliandika dawa za kumfukuza mdudu huyo kwa moshi wa mbegu. Bila shaka hata wewe umepata kulisikia.

Mwaka 1728 mganga wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alitoa kitabu akasema ya kuwa amemtafuta mdudu huyo asimwone. Basi, waliomwona waliona nini? Huenda waliona kitu cha kweli wakakipa jina lisilo lake. Katikati ya kila jino mna nafasi yenye nyama laini, na ndani yake mmo mishipa ya damu na nyuzi za mshipa wa tano. Hizo huingia kwa tundu dogo lililo kwenye ncha ya mzizi. Nyama hiyo ikitolewa, huonekana kama uzi au mnyoo mdogo. Jino likitoboka, uchafu na vijidudu visivyoonekana kwa macho huifikia nyama hiyo, nayo huvimba. Lakini haina nafasi ya kuvimbia, kwa maana imezungukwa na ukuta mgumu wa jino pande zote. Ndiyo sababu maumivu ya jino ni makali kuliko ukubwa wa jino lenyewe.

WALIOKATWA MAHALI PASIPO

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu.

Uko ugonjwa mmoja wa mshipa wa tano ambao humpiga mtu usoni kama umeme. Maumivu hudumu kitambo kidogo tu, kisha huacha, kisha hurudi. Upepo mdogo, kunawa uso au kutafuna tonge huweza kuyaamsha. Mfaransa Nicolas André aliueleza mwaka 1756, na daktari Mwingereza John Fothergill aliueleza mwaka 1773. Wagonjwa wengi hudhani ni meno, wakang'olewa jino baada ya jino, yote mazima, na maumivu yakabaki palepale.

Mabingwa wa kupasua wa zamani hizo waliona huruma, wakasema, "Tuukate mshipa unaoleta maumivu." Wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ni kwamba hawakujua ni mshipa upi. Wengine walikata ule unaotoka chini ya sikio na kuenea usoni, maana waliuona umepita mahali penye maumivu. Kumbe huo ni mshipa wa saba! Haupeleki maumivu ya uso. Kazi yake ni kuuchezesha. Na katika siku hizo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana, hivyo mgonjwa alikatwa akiwa macho. Alipopona jeraha aliyakuta maumivu yake yote yapo, na juu ya hayo uso wake umelegea upande mmoja, kinywa kimekwenda kombo, jicho halifumbi. Alikwenda kuondolewa taabu moja akarudi na mbili.

Mtu aliyefungua njia ya kutoka katika giza hilo ni Charles Bell, Mskoti aliyefanya kazi mjini London. Bell hakupenda kuwatesa wanyama, lakini aliona hakuna njia nyingine ya kupata hakika. Alikata mshipa wa saba wa punda upande mmoja. Tundu la pua la upande huo likaacha kutanuka punda alipovuta pumzi, lakini ngozi iliendelea kusikia maumivu. Kisha alikata tawi la mshipa wa tano, na hapo punda hakusikia tena kuguswa mdomoni. Habari hizi zilisomwa mbele ya wataalamu wa Royal Society mjini London, mwezi wa Julai 1821.

Lakini Bell naye alikosea jambo moja. Punda aliyekatwa mshipa wa tano hakuweza kuokota chakula kwa mdomo wake. Bell akasema, "Basi mshipa wa tano nao huchezesha mdomo." Herbert Mayo, aliyepata kuwa mwanafunzi wake, alifanya majaribio yake mwenyewe mwaka 1822, akakataa. Akasema ya kuwa mdomo wa punda una nguvu zake kama kawaida. Ila punda haokoti chakula kwa sababu hasikii ya kuwa chakula kimemgusa. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa na haki. Wawili hawa walibishana kwa muda mrefu juu ya nani aliyegundua nini, lakini kwa mgonjwa jambo kubwa lilikuwa moja: tangu hapo ilijulikana ya kuwa wa tano husikia na wa saba huchezesha, na hapakuwa tena na sababu ya kukata mshipa wa saba ili kuondoa maumivu.

SINDANO YA GANZI

Maarifa haya yaliletaje faraja kwa mtu anayeng'olewa jino? Yalihitaji mwenzake, nayo ni dawa.

Kwanza ilipatikana dawa ya kumlaza mtu. Mwezi wa Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, mganga wa meno Horace Wells alivuta hewa ya kuchekesha, akakubali kung'olewa gego lake mwenyewe, asisikie maumivu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonyesha wengine, lakini mgonjwa alipiga kelele, na watazamaji wakamzomea Wells. Mwaka 1846, katika mji huohuo, William Morton alifaulu kwa dawa iitwayo etha. Wells alifariki mwaka 1848, naye ana miaka 33, pasipo kuona heshima aliyostahili.

Lakini kumlaza mtu mzima kwa ajili ya jino moja ni sawa na kuzima taa za mji mzima kwa ajili ya nyumba moja. Je, haiwezekani kuzima waya mmoja tu? Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha ya kuwa kokeini, dawa inayotokana na majani ya mmea wa koka wa Amerika ya Kusini, hulitia jicho ganzi. Kabla mwaka huo haujaisha, mjini New York, daktari William Halsted alitia dawa hiyo kwa sindano nyuma ya magego ya chini, karibu na mshipa wa tano. Taya la upande huo likafa ganzi.

Angalia kwa nini aliichagua nafasi hiyo. Upande wa ndani wa taya la chini, nyuma ya magego, pana tundu. Tawi la mshipa wa tano huingia hapo, likapita katika mfereji ndani ya mfupa chini ya mizizi ya meno, likitoa uzi kwa kila jino. Kisha sehemu yake hutokea kwa tundu jingine karibu na kidevu, ikaenda kwenye mdomo wa chini. Ukiuzuia mshipa mlangoni, umeyanyamazisha meno yote ya chini ya upande huo. Ndiyo sababu wewe ukipigwa sindano ya taya, mdomo na kidevu hufa ganzi mpaka katikati, kana kwamba mtu amechora mstari. Usiseme daktari amekosea, kwa kuwa jino ni la nyuma na ganzi iko mbele. Hiyo ndiyo dalili ya kuwa amefika mahali penyewe.

Maarifa hayo yalikuwa na gharama yake. Halsted alijijaribia dawa hiyo mwilini mwake mwenyewe, ikamtawala, akawa mtumwa wake. Ikabidi itafutwe dawa nyingine isiyomfunga mtu. Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza novokeini mwaka 1904. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi alitengeneza lidokeini, na hiyo ni mojawapo ya dawa za ganzi zinazotumika sana ulimwenguni hata leo.

YATUFAE NINI SISI?

Ndugu mwanafunzi, historia isiyotufaa ni kama mtungi uliotoboka. Basi tuchote mambo manne.

La kwanza, mahali panapouma si lazima ndipo palipo na ugonjwa. Meno ya juu na ya chini ya upande mmoja hupeleka habari zake kwenye shina moja la mshipa wa tano, na ubongo huweza kukosea mlango. Hivyo ndivyo nilivyodanganywa mimi. Mweleze daktari wa meno unavyosikia, kisha umwache atafute. Usimwamrishe ang'oe hili au lile. Kadhalika usimpe koleo mtu asiyejifunza kazi hiyo. Tunasema dawa ya jino bovu ni kung'oa, lakini kwanza lijulikane jino bovu ni lipi.

La pili, kuna wakati maumivu ya taya hayatoki kwenye meno wala taya, bali yanatoka kwenye moyo. Mtu mzima akisikia taya linauma pamoja na kubanwa kifua, kutoka jasho au kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ileile.

La tatu, mtu akiamka na uso umekwenda upande, wako wanaosema amepigwa kofi na shetani. Mara nyingi ni mshipa wa saba uliovimba ndani ya ule mfereji mwembamba aliouona Falloppio. Leo ugonjwa huu hupewa jina la Bell, ingawa Al-Razi aliuandika karne nyingi kabla yake. Wengi hupona, na dawa hufaa zaidi mgonjwa akifika kabla siku tatu hazijapita. Lakini uso kwenda upande huweza pia kuwa dalili ya kiharusi, hasa kama mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri. Kwa hiyo asisubiri hata siku moja. Aende hospitali mara moja.

La nne, sindano ya meno huweza mara chache kuugusa na mshipa wa saba, jicho likashindwa kufumba kwa saa kadhaa. Ukipatwa na hali hiyo, mwambie daktari, ulilinde jicho, wala usiingiwe na hofu. Ganzi ikiisha, uso hurudi kama ulivyokuwa. Wewe sasa unajua kwa nini.

Nami namaliza na jino langu. Yule mzee aliliziba gego la chini, na lile la juu hakuligusa. Yote mawili ninayo mpaka leo. Nilipomshukuru alisema, "Usinishukuru mimi, Bwana Elimu. Washukuru waliotangulia kuitafuta njia ya mshipa." Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mshipa wa tano hufanya kazi gani, na wa saba hufanya kazi gani?
2. Kwa nini Galen alipata jozi saba tu?
3. Kwa nini punda wa Bell hakuokota chakula? Mayo alijibu nini?
4. Katika kijiji chenu, mtu aliyepooza uso hupelekwa wapi kwanza? Je, somo hili limebadili mawazo yenu?
5. Andika sentensi tatu juu ya siku uliyoumwa jino.